Fundi kompyuta, ofisi imekuita: mwongozo wa kuweka seva ya kwanza, Mwanza na kandokando ya ziwa

Mafundi kompyuta wa Mwanza tunajuana. Tunaazimana blowa na bisibisi, tunapigiana simu kuulizana nani ana chaja ya laptop fulani, na mashine ikinishinda naipeleka kwa mwenzangu wa mtaa wa pili. Ujuzi wetu mwingi tumeupata hivyo, mezani, juu ya kompyuta ya mtu mmoja. Siku hizi lakini wanaobisha hodi si wanafunzi na watu wa stationari peke yao. Anakuja mhasibu wa ghala la dagaa Mwaloni, anakuja msimamizi wa zahanati Buhongwa, anakuja mwenye duka la vifaa vya ujenzi Igoma, na wote ombi lao ni moja: "Tunataka mashine ya kuwekea kazi zote za ofisi."

Mashine hiyo ni seva, na kuitunza ni kazi ya mtu wa TEHAMA. Fundi mwenye mkono mzuri anaiweza kabisa, ila kuna mambo ambayo meza ya ufundi haikumfundisha. Hayo ndiyo nitakayoyaeleza hapa, kwa ofisi ya watu 5 hadi 20.

Hatua ya 1: Kaa na wenye ofisi kabla ya kununua hata skrubu

Kompyuta ya nyumbani ikizima, mwenyewe anaifunika na kwenda kulala. Ya ofisi ikizima saa tatu asubuhi, watu wote wanageuka kukutazama wewe. Kwa hiyo unatafuta majibu mawili kutoka kwa anayefanya kazi yenyewe. Bosi peke yake hatoshi. Nakumbuka mazungumzo yangu na mhasibu wa ghala moja la dagaa.

"Dada, tukipoteza kazi ya leo tu, utaumia kiasi gani?"

"Ya leo nitaiandika upya kutoka kwenye risiti. Ya wiki nzima, fundi, hapo nitalia."

"Na mfumo ukizima, mnaweza kukaa muda gani?"

"Mpaka saa sita mchana tunaandika kwenye daftari. Baada ya hapo malori ya Dar hayaondoki, maana hati za mzigo zimo humo."

Hapo nilikuwa nimepata nilichokifuata: wasipoteze zaidi ya kazi ya siku moja, na warudi kazini ndani ya saa tatu, yaani tangu saa tatu asubuhi hadi saa sita. Yaandike majibu hayo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari la kazi. Kila kifaa utakachonunua kitapimwa kwa namba hizo mbili. Ofisi inayovumilia siku mbili bila mfumo haina haja ya mashine ya bei kubwa, na ofisi isiyovumilia saa moja haiwezi kutegemea mashine moja pekee.

Siku hiyohiyo orodhesha kompyuta zilizopo, mfumo endeshi wa kila moja, programu wanazotumia, ukubwa wa mafaili yao na nani anajua maneno ya siri. Mashine za Windows 10 zipigie mstari, kwa sababu Microsoft ilifunga huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Ukiziacha kwenye mtandao mmoja na seva mpya bila mpango wowote, umejenga nyumba ya matofali ukaiwekea mlango wa pazia.

Hatua ya 2: Umeme, halafu umeme tena

Kama una muda wa kufanya jambo moja tu vizuri, fanya hili. Seva nyingi nilizoletewa zikiwa zimekufa, umeme ndio uliozimaliza.

Anza na mita. Umeme wetu ni volti 230 kwenye karatasi, lakini pima soketi ya ofisi asubuhi, mchana, na saa mbili usiku, kwa siku mbili tatu, uandike. Kisha pima kati ya waya wa moto na waya wa ardhini. Ukipata namba inayokaribia ile ya moto na nyutro, ni dalili njema. Ukipata volti 100 na ushee, au inayoyumbayumba, waya wa ardhini umening'inia tu na hauendi popote. Mita ya mkononi haithibitishi ubora wa ardhi, inakuonyesha ubovu ulio wazi. Anayethibitisha ni fundi umeme mwenye leseni na kipimo chake maalumu.

Mwanza hapa ndipo penye shughuli. Mji umekaa juu ya matale, na majengo mengi ya mlimani yamesimama juu ya udongo wa kina cha nusu mita, chini yake jiwe. Fundi anagonga ile fimbo ya shaba ya waya wa ardhini, inagota, anaikata na kufukia kipande. Kwa macho kazi imekwisha, kwa umeme hakuna kitu. Dawa inajulikana: chimbwe mtaro mrefu kwenye udongo wenye unyevu, ulazwe utepe wa shaba, au zifukiwe fimbo kadhaa zilizoachana kisha ziunganishwe. Mwambie mwenye ofisi hili mapema, kwa sababu ni gharama ambayo hakuifikiria.

Radi nayo. Kanda ya Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, na ngurumo za ziwani hujengeka zaidi usiku, pepo za nchi kavu zinapokutana juu ya maji, wakati ofisi imefungwa na mlinzi yuko peke yake. Weka kizuia mrusho wa umeme kwenye boksi kuu la swichi, na kingine kwenye soketi ya seva. Na usivute waya wa mtandao wa shaba kutoka jengo moja hadi jingine kupitia hewani. Niliwahi kuitwa mahali walipounganisha ofisi na stoo kwa waya wa mita 60 uliofungwa juu ya mwembe. Radi haikuwapiga wao, ilipiga jirani, lakini asubuhi swichi za mtandao zilizokuwa kwenye ncha zote mbili zilikuwa zimekufa, na kompyuta tatu hazikuona tena mtandao. Kati ya majengo tumia faiba au antena mbili zinazotazamana.

Sasa UPS, yaani kile chombo cha betri kinachoishikilia mashine umeme ukikatika. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi ni VA, na mteja huidhania ni wati. UPS ndogo nyingi hutoa takriban asilimia 60 ya hiyo kwa wati, kwa hiyo VA 1000 ni kama wati 600. Fanya hesabu: seva ya wastani inayokula wati 120, swichi 15, ruta 10, jumla 145. UPS hiyo inaubeba mzigo bila shida. Lakini itaubeba muda gani? Betri mbili za volti 12 na Ah 7 zina wati-saa (Wh) 168 kwenye karatasi. Ukizinyonya haraka hivyo, na sehemu ikapotea kwenye ubadilishaji, usitegemee zaidi ya nusu saa zikiwa mpya. Joto nalo linazila: kanuni ya watengenezaji ni kwamba kila nyuzi 10 juu ya 25 hupunguza maisha ya betri za aina hiyo kwa nusu. Ziandikie tarehe kwa kalamu ya wino mzito siku unapozifunga.

Chagua UPS inayorekebisha volti bila kugusa betri. Kwenye boksi utaona AVR. Usiichomeke printa ya leza humo, kwani inapowasha moto wake inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na kuiangusha UPS nzima.

Na jambo ambalo wengi wanalisahau: ile waya ya USB inayokuja na UPS si pambo. Ichomeke kwenye seva na usakinishe programu ya kuzima yenyewe betri inapoelekea kuisha. Kwa Linux ipo NUT, ni ya bure na inaelewana na UPS nyingi. Kisha ijaribu kweli. Chomoa UPS ukutani, kaa na saa mkononi, tazama seva inavyofunga mafaili yake na kuzima kwa adabu. Andika dakika ulizopata. Usipolijaribu wewe, litajaribiwa usiku wa manane mvua ikinyesha, na hutakuwepo.

Hatua ya 3: Mahali pa kuiweka

Wateja wengi hutaka kuificha seva stoo, mlango umefungwa, dirisha hakuna. Kataa. Mashine nyingi za aina hii zimetengenezwa kuvumilia nyuzi 10 hadi 35, na kiwango kinachopendekezwa na wahandisi wa viyoyozi wa Marekani, ASHRAE, ni 18 hadi 27. Mchana wa Mwanza ni kama nyuzi 28 hadi 30 kivulini. Maana yake seva moja inaweza kuishi bila kiyoyozi, ilimradi hewa inaingia na kutoka. Chumba kilichofungwa chenye kiyoyozi ni hatari zaidi: umeme ukikatika, kiyoyozi kinazima, seva inaendelea na UPS, na joto linapanda kama sufuria iliyofunikwa.

Adui wa kipekee wa ufukweni ni wadudu. Kila aliyekaa karibu na ziwa anayajua yale mawingu yao madogo yanayonyanyuka majini kama moshi, yakifika nchi kavu usiku yanaifuata taa. Niliifungua kompyuta moja iliyokuwa imewekwa chini ya taa ya ukumbi inayowaka usiku kucha. Mapezi ya kupoza prosesa yalikuwa yamezibwa na tabaka jeusi laini. Ukiligusa linabaki kidoleni kama masizi yenye mafuta, na harufu yake ni ya samaki. Feni ilikuwa inazunguka vizuri kabisa, ila hewa haikuwa na pa kupita. Prosesa ilikuwa inajipunguzia kasi kila baada ya dakika chache, na wenyewe walikuwa wamekwisha kuambiwa wanunue mashine mpya.

Basi: weka seva mbali na taa ya usiku, funga wavu laini wa mbu kwenye tundu la hewa la chumba, na sponji nyembamba ya kichujio mbele ya seva. Kichujio kioshwe kila mwezi, na kila wiki mbili kama ofisi inapakana na sehemu ya kuanikia dagaa, kwa sababu vumbi la dagaa lina chumvi na mafuta na linashika unyevu. Inua seva angalau sentimita 30 kutoka sakafuni. Mwaka 2020 maji ya ziwa yalipanda hadi viwango ambavyo havikuwa vimeonekana kwa miongo mingi, na walio mwambao wanakumbuka.

Hatua ya 4: Mashine yenyewe

Seva zilizotumika zinapatikana, na ni nzuri. Ila zile bapa za kabati zina feni ndogo zinazolia kama jenereta la mbali, na zenye prosesa mbili hula umeme mwingi hata zikiwa hazina kazi. Kwa ofisi ndogo mimi huchukua seva ya kusimama yenye prosesa moja. Ni kimya, ni rahisi kufungua, na UPS inaibeba muda mrefu zaidi.

Kumbukumbu (RAM) iwe ya ECC. Inasahihisha kosa la biti moja yenyewe na kutambua la biti mbili, jambo ambalo kompyuta ya kawaida hulipitisha kimyakimya mpaka hesabu za mtu zinaharibika. Hapa kuna mtego uliowahi kunigharimu safari. ECC ziko za aina mbili kubwa, RDIMM na UDIMM. Kwa vizazi vya kumbukumbu vya DDR3 na DDR4 zote zinaingia kwenye tundu lilelile, zinabana vizuri, unasikia "ta!", lakini mashine ya UDIMM ukiiwekea RDIMM haiwaki. Nilinunua nne kwa bei nzuri, nikavuka na pantoni ya Kamanga kwenda kwa mteja Sengerema, na nikarudi nazo zote. Soma lebo ya kumbukumbu iliyomo kwanza: herufi R au E baada ya namba ya kasi ndiyo inayokueleza. Kisha endesha memtest86+, programu ya kupima kumbukumbu, usiku mzima kabla ya kupeleka mashine.

Hatua ya 5: Diski

Weka diski mbili zinazoakisiana, yaani RAID 1. Moja ikifa, nyingine inaendelea na watu hawajui. Usizinunue zote mbili kutoka boksi moja kama unaweza kuepuka, maana zilizozaliwa pamoja zina tabia ya kuugua pamoja. Kabla ya kununua jua pia aina ya tundu la diski, SAS au SATA: mashine yenye tundu za SAS hupokea diski za SATA, lakini mashine ya SATA haipokei diski za SAS. Zile za SAS zilizotumika zinauzwa rahisi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo.

Kila diski, mpya au ya zamani, ipime. Kwenye Linux:

smartctl -t long /dev/sda

Iache usiku kucha, asubuhi soma kwa smartctl -a /dev/sda. Angalia mistari namba 5, 197 na 198, ambayo inahesabu sehemu zilizokwisha kuhamishwa, zinazosubiri na zilizoshindikana kusomeka. Kwenye diski ninayoipeleka ofisini nataka sifuri kwa zote tatu. Soma pia saa ilizowaka: 40,000 ni zaidi ya miaka minne na nusu bila kuzima, hata kama muuzaji anakuambia imetumika kidogo.

Diski za nje na flashi zina ugonjwa mwingine, ukubwa wa uongo. Imeandikwa 2 TB, ndani ni GB 64 zinazojizungusha. Ijaze yote kwa programu ya F3 au H2testw, kisha isome yote. Inachukua masaa, lakini hakuna njia ya mkato unayoweza kuiamini.

Bandika namba ya utambulisho ya kiwandani (serial number) mbele ya kila diski, pale inapoonekana bila kuichomoa. Halafu, kabla ya makabidhiano, seva ikiwa inafanya kazi na kama inaruhusu diski kutolewa bila kuzimwa, toa moja. Angalia kama onyo linakufikia kwenye simu au barua pepe. Weka nyingine, hesabu muda wa kujenga upya, andika daftarini. Siku diski itakapokufa kweli, wewe ukiwa Ukerewe msibani, mtu atafungua daftari na kuona: inachukua saa 5, usiguse kitu.

Na waeleze wenye ofisi mapema, tena mara mbili, kwamba kuakisi si bakapu, yaani nakala ya akiba. Mtu akifuta faili, linafutwa kwenye diski zote mbili kwa sekunde ileile.

Hatua ya 6: Nyaya na mtandao

Nitapita haraka, wengi wetu tunaijua. Urefu wa mwisho wa waya mmoja ni mita 100. Sokoni kuna waya wa alumini uliopakwa shaba, ni mwepesi na bei yake inavutia. Kwangua ncha ya uzi kwa wembe: chini ya wekundu ukiona weupe, urudishe. Hukatika ndani ukiukunja, na mwaka wa pili unaanza kukimbizana na mtandao unaokuja na kuondoka.

Mpangilio wa rangi uwe mmoja jengo zima. Mimi natumia T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Jozi zisifumuliwe zaidi ya sentimita moja na kidogo kichwani. Andika namba ncha zote mbili. Namba kwenye ncha moja haimsaidii mtu.

Gawa anuani kwa mpango: seva 192.168.10.10, printa kuanzia 20, kompyuta kuanzia 50. Wai-fai ya wageni itenganishwe kabisa na mtandao wa kazi kwa VLAN, yaani mitandao tofauti ndani ya swichi moja; swichi hata za bei ya wastani zinaweza. Dereva anayesubiri mzigo apate intaneti yake bila kuiona kompyuta ya mhasibu.

Hatua ya 7: Funga milango

Kila mtu awe na jina lake na neno lake la siri. Habari ya "ofisi123" inayojulikana mpaka na muuza maandazi iishe siku ya kwanza. Wewe mwenyewe uwe na akaunti ya usimamizi unayoitumia kwa usimamizi tu.

Usifungue mlango namba 3389 wa Windows kuelekea intaneti ili bosi aingie akiwa nyumbani. Mashine za wahalifu zinapekua anuani za dunia nzima mchana na usiku zikitafuta mlango huo, na zikiupata zinajaribu maneno ya siri bila kuchoka mpaka mafaili yafungwe na kudaiwa fidia. Tumia WireGuard, ni ya bure, na bosi ataingia kupitia njia iliyofichwa.

Kama kuna majina ya wagonjwa, wanafunzi au wateja humo ndani, kumbuka kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Kwa fundi inagusa jambo la kila siku: ile diski ya zamani ya zahanati uliyoibeba kwenda dukani. Usiiuze, usiiwekee mtu mwingine, kabla hujaifuta yote kwa kuandika juu yake, na kama ni SSD, ile isiyo na sahani inayozunguka, kwa amri yake ya ndani ya kujifuta. Iliyokufa isiyofutika itobolewe kwa drili, mwenye ofisi akiona.

Hatua ya 8: Bakapu, na kuirudisha

Kanuni ya wenye kazi hii ni fupi: nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja iwe nje ya jengo. Kwa ofisi ya kando ya ziwa naipanga hivi.

Nakala ya kwanza ni kazi yenyewe kwenye seva. Ya pili inaandikwa kila siku saa moja jioni kwenye diski ya nje. Diski hizo ziwe mbili, zikipokezana: moja iko kazini, nyingine iko nyumbani kwa mtu mwaminifu, zinabadilishana kila Ijumaa. Ya tatu inapita kwenye intaneti usiku kwenda tawi lingine au kwenye hifadhi ya kulipia. Fanya hesabu kabla ya kuahidi: GB 20 kwa kasi ya kupandisha ya Mbps 5 ni kama saa 9. Kwa hiyo mara ya kwanza peleka nakala nzima kwa diski mkononi, kisha usiku upeleke mabadiliko tu. Programu kama restic au Borg zinafanya hivyo zenyewe na zinaficha maandishi, ili diski ikisahaulika kwenye daladala asiwepo wa kuisoma. Ufunguo wa kuifungua uandikwe kwenye karatasi, uwekwe kwenye bahasha, bahasha ikae kwenye sefu ya ofisi. Bakapu iliyofichwa ambayo ufunguo wake uko ndani ya seva iliyoungua ni bure kabisa.

Sasa sehemu ninayoing'ang'ania kuliko zote. Ofisi moja niliyoitwa baada ya wizi walikuwa na bakapu. Kila jioni taa ya diski ilikuwa inamweka, kila asubuhi ujumbe ulikuwa unasema imekamilika. Tulipoifungua, folda zilikuwepo kwa majina yote, na ndani yake faili la mfumo wa hesabu lilikuwa na ukubwa wa KB 0, kila siku, kwa miezi. Programu ya hesabu ilikuwa inalishikilia faili hilo limefunguliwa, na bakapu ilikuwa inaliruka. Mama aliyekuwa anatunza hesabu alikaa kwenye kiti na hakusema neno kwa muda mrefu.

Kwa hiyo rudisha. Kila mwezi chukua kompyuta nyingine, ukichagua tarehe bila mpango, urudishe mafaili ya siku hiyo, na umwite mhasibu afungue mfumo na kusoma salio. Akisema "ndiyo, hili ndilo la tarehe 14," hapo una bakapu. Kama data iko kwenye mfumo wa hifadhidata, isinakiliwe faili kwa faili ikiwa hai: itoe kwanza kwa chombo chake, kwa MySQL ni mysqldump, ndipo unakili kilichotoka. Anza saa ukiwa unarudisha, ulinganishe na lile jibu la pili la ukurasa wa kwanza. Tulisema saa tatu. Ukipata saa saba, kuna kitu cha kubadilisha sasa hivi.

Hatua ya 9: Makabidhiano

Weka akiba ya vipuri hapahapa. Kwa barabara Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100, na kifaa cha Kariakoo kikipanda basi leo, saa tatu za mteja zimekwisha pita. Diski moja, chombo cha kugawa umeme (power supply) cha seva hiyohiyo, feni, na swichi ndogo. Vinunuliwe na ofisi, vikae kwa ofisi, vimeandikwa.

Andikianeni mkataba wa matengenezo ya kila mwezi, hata wa ukurasa mmoja: unakuja lini, unapokea simu saa ngapi, kipi kimo kwenye malipo na kipi hakimo. Vipuri na ufundi vitengwe kwenye risiti. Mteja aliyezoea kulipa kompyuta ikiharibika atauliza analipia nini wakati hakuna kilichoharibika. Mwonyeshe daftari.

Na kazi ya kila mwezi ni hii. Fika asubuhi kabla hawajaanza, msalimie mlinzi umuulize kama umeme ulisumbua usiku, yeye ndiye anayejua. Osha kichujio. Soma mistari 5, 197 na 198 ya kila diski uandike, hata kama ni sifuri. Chomoa UPS kwa dakika tano utazame asilimia ya betri inavyoshuka, ulinganishe na mwezi uliopita. Sakinisha masasisho yaliyosubiri. Rudisha bakapu ya tarehe moja. Kisha mhasibu aweke sahihi chini ya ukurasa, na uandike tarehe ya kurudi.